Mjomba anauza shamba la marehemu bibi Bweni (Pangani), nimeambiwa nikasaini Jumamosi. Naombeni ushauri

Mwana wa Ng'ambo

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, ila ng'ambo, Bweni. Kwa wasiopajua, mji wenyewe uko kaskazini ya mto, kwenye boma la zamani, soko na ofisi za wilaya. Sisi tuko kusini, kuvuka ni pantoni. Na ng'ambo yetu ilikuwa ng'ambo kweli kweli: pantoni likilala bovu na una mgonjwa, unamgongea mlango mwenye mtumbwi huku ukisoma dua. Ardhi ilikuwa haina bei ya maana. Mtu akitaka kujenga anakwenda kwa mzee mwenye eneo, wanaelewana, basi.

Sasa limekuja daraja, lile la mita 525 kwenye barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo. Tangu nguzo zianze kuonekana majini, madalali Bweni wamekuwa wengi kuliko wavuvi.

Shamba ni la bibi mzaa mama. Ekari moja na robo kwa kukadiria, halijawahi kupimwa. Chini linaishia kwenye mikoko ya mto, juu linapakana na njia ya kijiji. Kuna minazi 43, niliihesabu mwenyewe Idi iliyopita. Kuna kisima ambacho siku hizi maji yake yana chumvi. Kuna makaburi matatu chini ya mwembe: la baba yake bibi, na ya watoto wawili wa bibi waliofariki wakiwa wadogo. Halafu katika ile minazi, 11 si yetu. Iliipanda familia ya jirani enzi za bibi, kwa ruhusa yake, na wanaangua wao mpaka leo. Karatasi hakuna.

Bibi alifariki 2017. Mjomba anaishi hapo hapo shambani. Mama mdogo yuko Muheza. Mama yetu naye ametangulia, tumebaki mimi na dada yangu.

Wiki mbili zilizopita mjomba kanipigia: mteja kapatikana kutoka Dar, milioni 18, nusu Jumamosi hii taslimu, nusu baadaye. Kanitumia picha ya karatasi yenyewe. Muuzaji ni mjomba peke yake. Mimi, dada na mama mdogo tumewekwa chini, kwenye mistari ya "mashahidi". Nimeikuza ile picha kwenye simu mara kumi nikidhani sijasoma vizuri.

Na nisieleweke vibaya, mjomba si mtu mbaya. Bibi alipooza miguu, yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kushuka kwenye pantoni kumpeleka kliniki, sisi tuko Dar tunatuma elfu ishirini tunajiona tumesaidia. Anataka injini ya boti na kibanda cha matofali. Nasaini au sisaini? Na bei ndiyo hiyo kweli?

Kobe Mbio

Mkuu usisaini. Halafu nitumie namba ya jirani inbox, na mimi natafuta upande huo 😂

Mzee wa Tungi

Nakujibu kama mtu wa Kigamboni. Sisi tuliuza ekari mbili za baba miaka kadhaa kabla ya daraja kufunguliwa 2016. Fedha zile zilijenga vyumba vinne na kulipa ada za wadogo zangu, sizilaani. Ila nikipita pale leo kuna ghorofa, na mlinzi wa getini ananiuliza nakwenda kwa nani.

Lakini vijana hapa watakwambia "shikilia, bei itapanda" kana kwamba kushikilia ni bure. Wenzetu walioshikilia walikutana na tangazo la serikali la mji mpya wa Kigamboni 2008, wakakaa miaka hawaruhusiwi kuendeleza chochote, nyumba zinavuja na kupaua upya ni marufuku. Daraja linapandisha bei, sawa, na linaleta pia watu wenye ramani. Kabla ya kubishana milioni 18 au 30, nenda halmashauri ukaulize mpango wa matumizi ya eneo lile unasemaje.

Wakili wa Kijiweni

Mleta mada, achana na bei kwanza. Nani anauza? Shamba ni la marehemu. Mjomba kuishi pale na kumuuguza bibi hakumfanyi mmiliki. Mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuuza, si yeye wala nyie wote mkikusanyika. Utaratibu si mgumu: kikao cha ukoo, muhtasari wenye saini za wote, mnapeleka Mahakama ya Mwanzo kufungua shauri. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali.

Hiyo mistari ya mashahidi si bahati mbaya. Ukisaini kama shahidi, kesho ukilalamika utaulizwa: ulikuwepo, uliona, ulisaini, mbona hukusema kuwa ni mali ya urithi? Aliyeandika ile karatasi anajua kazi yake.

Pili, kama ni ardhi ya kijiji, mnunuzi si mkazi, kwa hiyo halmashauri ya kijiji lazima iridhie kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Mhuri wa mwenyekiti peke yake, aliougonga chini ya mwembe baada ya soda, hautoshi.

Tatu, na hili litakuuma mfukoni: Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Mita 60 kutoka ukingo wa mto hapajengwi kitu cha kudumu. Pima shamba lenu kutoka mikokoni kwenda juu uone kinachobaki. Na mikoko yenyewe ni msitu wa hifadhi, dalali asikudanganye kwamba mteja "atasafisha apate mandhari".

Mnyonge Mnyongeni

Wakili umeeleza vizuri, ila na mimi niseme lisilopendeza. Watu wa Dar mnakumbuka shamba la bibi siku likipata mteja. Tangu 2017 nani anafyeka? Mjomba. Nani anawafukuza wezi wa nazi usiku? Mjomba. Mwacheni mzee anunue injini yake.

Mwana wa Ng'ambo

@Mnyonge Mnyongeni, umenipiga panapouma na sina jibu. Ndiyo maana nimekuja kuuliza huku badala ya kwenda polisi kama dada yangu anavyotaka.

Abu Swalih

Assalaam alaykum. Ndugu yangu, kabla hujazungumza haki yako, nijibu: mama yako na bibi, nani alitangulia? Kama mama alifariki kabla ya bibi, basi kwa faraidhi (mgawanyo wa mirathi wa Kiislamu) wewe na dada yako si warithi wa bibi maadamu watoto wake wengine wapo hai, isipokuwa bibi aliwausia, na wasia hauzidi theluthi.

Mwana wa Ng'ambo

Waalaykum salaam sheikh. Bibi 2017, mama 2020. Babu na baba yetu walishatangulia zamani.

Abu Swalih

Alhamdulillah, basi fungu la mama lilishathibiti, nyie mnalirithi kupitia kwake. Baada ya madeni, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Yaani mjomba nusu, mama mdogo robo, mama yenu robo. Kwa hiyo milioni 18 ni tisa kwa mjomba, nne na nusu kwa mama mdogo, nne na nusu kwenu. Katika hiyo, wewe tatu, dada yako moja na nusu.

Angalia sasa: mjomba nusu ni yake kwa haki, hahitaji kuwafanya mashahidi ili aipate. Huenda hata hajui hivyo. Na mkitaka kumwongezea kwa kumuuguza bibi, hilo ni hisani kutoka kwenye mafungu yenu, mfanye kwa radhi.

Bint Funguni

Mie niko Pangani mjini, ng'ambo navuka kila wiki kwa biashara ya samaki. Shamba mnalolisema kama ndilo ninalolidhania (usinijibu hapa), katikati yake ina njia ya miguu inashuka mpaka wanapoegesha ngalawa. Wanawake wanapita na ndoo, watoto wa madrasa wanapita, wavuvi wanapita na nyavu mabegani. Hakuna aliyeichora popote, ipo tu kwa sababu nyayo zimeichimba.

Kuna shamba jingine huku lilishauzwa. Tajiri alikuja na mafundi, ukuta ukapanda kwa siku nne, njia ikafa. Sasa watu wanazunguka robo tatu saa na ndoo kichwani, na bi mkubwa mmoja jirani yangu hajenda kuzuru kaburi la mumewe tangu Ramadhani kwa kuwa limebaki ndani. Mlinzi hana ubaya, anasema tu ufunguo hana.

Kisima chenu kuwa na chumvi si chenu peke yenu. Mto umepungua nguvu, bahari inapanda ndani zaidi kuliko zamani, migomba ya kandokando imekufa. Na huku mdomoni mwa mto bahari inakula ardhi, ndiyo maana upande wa mjini tumejengewa ukuta. Mteja anayetaka kulipa haraka ya Jumamosi, ama hajui hayo ama anajua mengi kuliko nyie.

Jingine, angalieni alama za X zinazochorwa kwenye mali zilizo kwenye njia ya barabara. Ya kijani ina fidia, nyekundu haina. Lenu halipo barabarani lakini barabara za kuingilia bado zinapimwa.

Kobe Mbio

Dada Bint Funguni umenifanya niondoe lile ombi langu la inbox.

Mnunuzi Mstaarabu

Mimi nimenunua kando ya mto mwingine, mkoa mwingine, ila kosa ni hili hili. Niliambiwa "makaburi ni ya zamani, hayana mwenyewe". Sikukuu ya kwanza nimekaa na familia barazani, naona watu kumi na wanne wanaingia na udi na maji ya waridi. Walinisalimia vizuri tu, wakasoma khitma, wakaondoka. Nilitamani ardhi ipasuke. Baadaye tuliketi, nikawaachia hatua kumi na mbili kwa nane na mlango wao wenyewe. Leo ndio wananilindia nyumba.

Mteja wa kweli hakimbizi watu na Jumamosi. Mwambie mjomba amwombe asubiri mirathi. Akikubali, huyo ni mtu. Akianza kusema kuna shamba jingine karibu na bei nzuri zaidi, mwacheni aende huko.

Na uliza uraia wake kiungwana. Mgeni hawezi kumiliki ardhi nchini isipokuwa kwa uwekezaji, na kwa utaratibu wake, kwa hiyo mara nyingi Mtanzania anayesaini ni kivuli tu.

Wakili wa Kijiweni

Kuhusu minazi 11, msiidharau. Pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Jirani ni mwalikwa kwenye ardhi, hata akikaa miaka hamsini hageuki kuwa mmiliki wa eneo. Lakini mazao na jasho lake lipo. Mkiuza bila kumwita, yeye ndiye atakayekuwa shahidi namba moja wa kesi ya kwanza.

Mwana wa Ng'ambo

Wakuu, marejesho. Nilivuka Ijumaa jioni, peke yangu. Dada nilimwomba abaki Dar na hasira zake.

Sikuanza na karatasi. Tulikula, tukaswali isha, ndipo nikamwambia mjomba hesabu ya Abu Swalih: nusu ni yako, hakuna anayeipinga. Alinyamaza kitambo, akaniuliza, "Nusu nzima?" Kumbe dalali alimwambia mirathi ikienda mahakamani mali inagawiwa sawa kwa vichwa, wajukuu wote wakiwemo, kwa hiyo aharakishe kabla sisi wa Dar hatujashtuka. Mzee alikuwa anaogopa kubaki bila pa kulala.

Asubuhi tulipima kwa kamba ya jarife (wavu mkubwa wa kuvulia) yenye mafundo kila mita mbili. Kutoka mikokoni hadi njia ya kijiji ni mita 118. Ukitoa 60 za sheria zinabaki 58, na makaburi yamo humo humo kwenye 58. Mjomba alisimama pale fundo la thelathini lilipoangukia, akageuka kuutazama mto, akageuka kulitazama kaburi la babu yake. "Sasa huyu bwana alikuwa ananunua nini?"

Mteja hakuja. Alikuja dalali na bahasha. Tulimwambia mirathi kwanza, njia ya miguu itaandikwa kwenye mkataba, makaburi yatatengwa, na halmashauri ya kijiji itakaa. Alisema atampigia bosi. Mpaka naandika hii, simu yake inaita tu.

Kikao cha ukoo ni Jumapili ijayo, mama mdogo anakuja kutoka Muheza. Tunampendekeza mjomba mwenyewe awe msimamizi. Dada kanuna lakini atasaini. Injini ya boti tumeshaanza kuichangia pembeni, mimi laki tatu, hiyo haihusiani na shamba.

Limebaki la jirani. Nilimfuata, mzee wa watu, kanikaribisha madafu mawili kutoka minazi ile ile. Hataki ugomvi, anataka kujua tu: siku shamba likiuzwa, ile 11 atalipwa kwa mti, au kwa misimu iliyobaki ya kuzaa? Mitatu ni mikinda (minazi michanga), ndiyo kwanza imeanza kutoa makole. Mwenye kuwahi kufanya hesabu ya namna hii naomba anielekeze.