Mnaokwenda Thailand: shukeni kutoka juu ya kuta za hekalu za Ayutthaya!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Uzi huu utakuwa mkali.

Picha ni zilezile kila mara. Mtu kaenda Bangkok kufunga mzigo wa nguo, siku ya mwisho kapelekwa Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wenye magofu ya mahekalu, kutembea, jioni magrupu yote ya WhatsApp yanajaa: kasimama juu ya ukuta wa matofali, mikono kaitanua. Nyingine, na hii ndiyo inayonichefua kabisa, kajibanza nyuma ya sanamu ya Buddha iliyokatwa kichwa, kachomoza chake pale juu ya shingo, anacheka. Na watu wanampongeza!

Safari hii nimeyaona kwa macho yangu. Ni Wat Ratchaburana, hekalu mojawapo la pale, kwenye wihan, ule ukumbi mrefu wa ibada ulio mbele ya mnara mkuu. Paa halipo siku nyingi. Zimebaki kuta, visiki vya nguzo na mlango mrefu ambao ukisimama mbele yake unauona mnara wote umekaa katikati. Msafara wa Waswahili wenzetu umefika, na kiongozi wao ndiye anayeelekeza: "Dada, panda pale juu, mwanga uko vizuri." Dada kapanda na viatu vyake. Kona ya tofali ikamegeka, unga mwekundu ukamwagika hadi chini. Nikamwambia yule kiongozi, kaka, hapa hapapandwi. Akanijibu, "Bro, si tumelipa kiingilio?"

Kiingilio mmelipia kuingia. Hamkulipia kubomoa.

Matofali yale yameshikwa kwa chokaa, na kuta zilikuwa zimepigwa lipu ya chokaa nje na ndani. Sehemu kubwa ya lipu imebanduka, kwa hiyo tofali limebaki uchi. Maji yanapanda kutoka ardhini, mengine ya mvua, na yakikauka chumvi inabaki ndani inautafuna uso wa tofali kidogo kidogo. Pitisha kidole tu uone, kinatoka na unga. Mji wenyewe umezungukwa na mito, na mafuriko ya mwaka 2011 yaliyazamisha magofu kadhaa. Ukuta wa namna hiyo ndio unaupandia na raba!

Na hapo umeshapitia mengi. Hekalu hilo lilijengwa mwaka 1424 na mfalme aliyerithi kiti baada ya kaka zake wawili kuuana wakipigana juu ya tembo. Mwaka 1767 jeshi la Burma liliuteketeza mji wa Ayutthaya. Bangkok ilipofanywa mji mkuu mwaka 1782, matofali ya Ayutthaya yakabebwa kwa majahazi kwenda kujengea kuta zake. Mwaka 1957 wezi wakavunja chumba kilicho ndani ya mnara wa Ratchaburana wakaiba dhahabu. Iliyookolewa iko makumbusho. Na hivyo vichwa vya sanamu mnavyovifanyia mzaha, vingi vilikatwa na wezi wakaviuza kwa wanunuzi wa vitu vya kale. Wewe unakuja kupiga pozi juu ya wizi huo.

Kwa watu wa pale kichwa ni kitu kitakatifu. Wat Mahathat, jirani tu, kuna kichwa cha Buddha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti, na ukitaka kupiga nacho picha unatakiwa uchuchumae ili chako kisikizidi. Wenyeji bado wanazifunga sanamu vitambaa vya rangi ya chungwa na kuwasha ubani. Ni mahali pa ibada mpaka leo. Mgeni akipanda juu ya kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kupiga picha, nani hapa angenyamaza?

Tena sheria ya Thailand inayolinda mambo ya kale ina kifungo cha miaka kwa anayeharibu. Ukikamatwa, usije hapa kuomba mchango wa wakili.

Ninyi mnaopeleka watu huko, waambieni wateja wenu wakiwa bado ndani ya gari: hakuna kupanda, hakuna kugusa lipu, hakuna kuokota kipande cha tofali cha kumbukumbu. Na wewe kiongozi wa ule msafara, najua humu unapita. Zile picha bado unazitumia kutangazia safari zako. Zifute leo, kisha uje hapa utuambie kwa nini ulimpandisha yule dada pale juu.