Roboti la birika na debe: kichwa na miguu naviunganishaje?

Mwana_Ngamiani:
Wakuu, habari za leo. Niko Tanga, natengeneza roboti la mapambo lenye sura ya zile za zamani. Kwa muuza vyuma chakavu nimepata birika la alumini (kichwa), debe la mafuta ya kula (kiwiliwili), springi za pikipiki (mikono), vipande vya bomba la maji (miguu) na mita ya kasi ya gari. Fundi wa kuchomelea hapa mtaani anasema birika halishiki. Ni kweli? Halafu kuna redio ya marehemu babu, ya taa (zile valvu za kioo ndani), haiongei. Niikate niitie kifuani?

Fundi_Gerezani:
Fundi wako kasema kweli. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, chuma karibu 1,500. Chuma hakijaanza hata kuyeyuka, birika limeshatiririka. Tumia ribiti au bolti, na katikati weka washa ya mpira uliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli. Hapo kwenu kuna hewa ya chumvi. Alumini ikigusana na chuma inaliwa, utaona unga mweupe umejikusanya pale penye bolti. Debe nalo ni jembamba, moto utalitoboa. Ribiti tu.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo bomba. Kama limepakwa zinki, likichomelewa linatoa moshi mweupe, na jioni mtu anatetemeka kwa homa akidhani ni malaria. Tafadhali usikubali ile ya "kunywa maziwa kwanza". Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unaingia mapafuni. Mwambie akwangue zinki mpaka chuma kionekane, afanyie kazi nje, avae barakoa yenye kichujio cha moshi wa kuchomelea, si kitambaa.

Bi_Makopo:
Mwanangu, redio ya babu usiikate. Mtafutie fundi redio, na usiichomeke kwenye umeme wala kuingiza mkono ndani; kapasita za redio za taa zinaweza kukaa na umeme hata waya ukiwa umechomolewa.

Kuhusu sura, tazama picha za Elektro, roboti la kampuni ya Westinghouse lililooneshwa New York mwaka 1939. Lina urefu wa zaidi ya mita 2 na kifua kipana. Na Wajapani baada ya vita ya 1945 walianza tena kutengeneza vya kuchezea kwa makopo yaliyotupwa na wanajeshi wa Marekani. Kwa hiyo debe lako liko kwenye ukoo wenyewe. Usilipake rangi! Maandishi ya mafuta yaache kifuani, mita iweke chini yake, mkono wa birika uwe kisogoni. Mdomo wa birika ukiutazamisha mbele, ni pua tayari.

Mwana_Ngamiani:
Shikamoo Bi Makopo, na asante Fundi. Redio inabaki kabatini. Bomba nimelikwangua kidogo kwa msumeno, linang'aa kijivu chenye mabaka. Ndiyo zinki hiyo?

Fundi_Gerezani:
Mabaka hayo ndiyo yenyewe. Kama huna haraka, achana na moto kabisa: tafuta soketi za bomba zenye nyuzi za kufungia (kama za skrubu), miguu uifunge kwa spana.