Mpini wa rodi ya kujigi: koki, EVA au mti? Naomba ushauri, niko Pemba

wete_baharini

Asalaam alaykum jamaa wa humu. Mie niko Wete, nna blenki (ufito mtupu wa rodi ya kuvulia) ya kaboni nloletewa na ami yangu kutoka Maskati, futi tano na nusu kipande kimoja, imeandikwa jigi gramu 200 mpaka 300, kitakoni nimepima ni milimita 14. Pete za kupitishia mshipi nnazo, siti ya rili (pale rili inapofungwa) nnayo, kilobakia ni mpini tu na hapo ndo nimekwama maana kila nnaemuuliza ana lake. Mmoja ananambia koki (ile ya vizibo vya chupa) ndo mpini, mwengine anasema koki baharini ni kutupa pesa tia EVA (sponji ya plastiki), na seremala wa mtaani kwetu keshasema nimpelekee anikerezee wa mninga, atautia vanishi ung'are.

Kazi yenyewe ni kujigi, yaani kuzamisha chambo bandia cha chuma na kukivuta juu kwa kushtua, kwenye mkondo, upande wa Kigomasha, kolekole na jodari, kupampu (kuinua na kushusha rodi) toka alfajiri mpaka jua la utosi, boti ya faiba haina kivuli. Na wenzangu humohumo botini wanavua kwa mshipi na chambo cha ngisi kwa hivo kila unachoshika kina utelezi. Nataka mpini usioteleza, usionichubua kiganja, na ustahamili chumvi. Na urefu nao nipimeje? Rodi ya dukani nlonayo kitako kinanichoma mbavu kila nikipiga jigi.

fundi_fumba

Waalaykum salaam mdogo wangu. Kazi yangu ni kufunga rodi, ntakwambia navyoona mie na wengine watasema yao.

Mti usiutie kabisa kwenye rodi ya kujigi. Mninga ni mti mzuri sana, kitanda sawa, mlango sawa, lakini kwa ujazo uleule unaizidi koki uzito mara tatu, na vanishi ikishaingia ute wa ngisi haishikiki. Halafu haubonyei hata kidogo, na wewe unasema unapampu asubuhi nzima.

Kwa kazi uloisema tia EVA. Lakini EVA si moja, na hapa ndo watu wengi wanauziwa kitu sicho. Ile ni sponji ya plastiki yenye vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kimejifunga peke yake, ndo maana hainywi maji. Sasa ipo laini na ipo ngumu. Ile laini ndo wanaotia kwenye rodi za bei rahisi, ukiikamata kwa nguvu inazunguka mkononi na baada ya msimu inakuwa imedidimia pale vidole vinapokaa. Wewe unataka ngumu. Kuijua ni rahisi, ibane kwa ukucha wa kidole gumba uhesabu mpaka tano halafu uachie, alama ikipotea hapohapo chukua, ikibakia shimo iache dukani. Na iangalie ukataji wake kwenye ncha, vitundu viwe vidogo sana huvioni vizuri kwa macho, ukiviona wazi wazi kama vya mkate basi hiyo ni laini.

Ikija imeng'aa juu usiiache hivohivo, ule ngozi wa juu ndo unaoteleza. Piga msasa namba 120 mzunguko mzima mpaka ipauke, malizia na 240, hapo hata mkono ukiwa na jasho inashika. Usiende kwenye msasa laini zaidi ya huo utairudisha kwenye utelezi.

Tundu lake. Kitako chako milimita 14, basi nunua yenye tundu la 12 au 13, EVA inavutika na ikishakaa inabana yenyewe. Ukinunua ya 14 kamili itapita tu na utategemea gundi peke yake. Na kumbuka blenki ni nyembamba nchani nene kitakoni, kwa hivo kila kitu kinaingilia nchani kinashuka chini, mpini wa nyuma kwanza, halafu siti, halafu wa mbele, na yote haya KABLA hujafunga hata pete moja. Gundi ni epoksi ya kukauka polepole, ile ya dakika tano itakukamatia njiani mpini uko nusu na hapo hauendi wala haurudi. Parua blenki kidogo kwa msasa laini iondoke mng'aro tu, usile nyuzi za kaboni, futa kwa spiriti, pakaa gundi, sukuma huku unazungusha. Gundi yenyewe ndo itakuwa mafuta yako ya kupitishia. Ilozidi ifute na spiriti ikiwa bado mbichi.

Urefu ntarudi, naitwa.

kapteni_nungwi

Nimsaidie fundi kwenye jambo moja ambalo watu wa mkekani hawalioni mpaka wafike baharini. Mie nafanya kazi kwenye boti za wageni, msimu wa nduaro tunaburura chambo nyuma ya boti siku nzima na rodi zimekaa kwenye vishikizi vya chuma. EVA ikikaa kwenye kishikizi inasagwa. Mawimbi yanaitikisa, chuma kinaila, mwisho wake inabaki vipandevipande. Kwa hivo kitakoni pale panapoingia kwenye kishikizi tia kitu kigumu, alumini au kaboni au hata shirinki ngumu (mpira wa bomba unaobana ukipata moto) moja kwa moja juu ya blenki, na EVA ianzie juu ya hapo.

Jengine ni petroli. Boti zetu hizi ndogo mtu anajaza tangi la mashine halafu anashika rodi na mkono uleule. Petroli inaivimbisha EVA na inailegeza, nimeona mipini imefura utadhani imeumwa na nyuki. Nawa mkono kwanza.

Na rangi nyeusi mchana wa kaskazi ukiiacha juani bila kuishika inakuwa moto. Zipo za kijivu, zipo za madoa madoa, chukua hizo kama unazipata. Ukirudi pwani maji baridi na sabuni kidogo, usiseme EVA hainywi maji ukaiacha, chumvi inakaa kwenye ukingo wa siti na kwenye pete ndo inapoanzia kazi yake.

mwamba_kizimkazi

Nawaheshimu mafundi walotangulia lakini koki mmeipita mbio sana.

Mie navua juu ya mwamba, rodi nyepesi, vipopa (chambo bandia cha juu ya maji) vidogo, kolekole wachanga na changu. Sijapata kitu kinachokaa mkononi kama koki. Mkono ukitoa jasho koki inakamata zaidi, haiteki joto la jua, na ukishika rodi ya koki ilofungwa vizuri unamsikia samaki anapogusa tu. Wete ana rodi ya kujigi nzito na hapo siwezi kumbishia fundi, ila mtu mwengine akisoma hapa asiende zake akidhani koki ni ya makumbusho.

Ila ajue anachonunua. Koki ni gome la mti, linachunwa mti ukiwa hai na unaachwa miaka 9 lirudi ndo linachunwa tena, na karibu nusu ya koki yote ya dunia inatoka Ureno. Koki safi isiyo na mashimo ni kidogo na bei yake inapanda. Kwa hivo wauzaji wengi wanachukua koki yenye mashimo wanayaziba kwa unga wa koki na gundi, ukiitazama mpya ni nzuri kabisa, baada ya miezi kadhaa ya maji ya chumvi ule unga unatoka na mpini unabaki na matobo, na ndani ya matobo ndo shombo inapokaa haitoki hata uoshe vipi. Kabla ya kununua ikwangue kidogo kwa ukucha pale palipo na doa la rangi tofauti, ikitoka unga rudisha. Ipo pia koki ya kusaga ilochanganywa na mpira, hiyo ni nzito zaidi ya koki ya asili lakini inastahamili kugongwagongwa, naitia kitakoni na kwenye ncha za mpini, katikati koki ya asili.

Na wale wanaookota vizibo vya chupa mahotelini wakitaka kuviunganisha viwe mpini, pimeni kwanza. Kizibo kina upana wa milimita 24 hivi, ukitoboa tundu la 14 unabakiwa na ukuta wa milimita 5, ukipiga msasa ndo hakuna kitu. Kwa blenki nyembamba ya milimita 7 au 8 inawezekana, ila utenge vile vya plastiki na vile vya unga wa kugandishwa.

ukhti_chakechake

Samahanini naingilia. Mie na mume wangu twatoka pamoja na rodi zote ni zake, nikishika lisaa limoja vidole vinakufa ganzi. Ni mpini mnene au mie sijui kushika?

fundi_fumba

Dada yangu unajua kushika, mpini ndo mnene. Mipini ya dukani inapimwa kwa mkono wa mwanamme mkubwa. Kamata mpini kawaida, ncha ya kidole cha kati itazame inafika wapi, ikigusa au kukaribia kiganja hapo chini ya dole gumba basi ni saizi yako, ikibaki mbali hicho ndo kinachokukufisha ganzi maana unabana kwa ncha za vidole tu. Habari njema ni kwamba EVA na koki zote zinapungua kwa msasa bila kuzitoa kwenye rodi. Zungushia tepu siti ya rili na blenki usizikwaruze, anza na namba 80, punguza kidogo kidogo huku unajaribu. Mwambie shemeji akutengee rodi moja iwe yako kabisa.

Sasa Wete, urefu. Usipime kwa futi kamba wala usiige rodi ya mtu. Kamata rili yako, ifunge kwenye blenki kwa tepu ya karatasi bila gundi wala siti, vaa jaketi lako la kujiokolea na nguo unazovaa baharini, simama wima, kitako kiingize kwapani kisha zungusha rili na uinue rodi kama unapiga jigi. Kama kiwiko kinakunjika sana na mkono unakaribia kifua, sogeza rili mbele. Kama unajinyoosha kuifikia, rudisha nyuma. Ikitulia weka alama. Watu wengi hutua baina ya sentimita 40 na 50 kutoka rili mpaka kitakoni, ila alama yako ndo alama. Hiyo ya dukani inakuchoma kwa sababu ni fupi, ncha yake inaishia mbavuni badala ya kupita kwapa. Na mwishoni tia kifuniko cha mpira kilichoviringana, si kile cha bapa chenye ukingo.

wete_baharini

Mashaallah, nshukuruni sana nyote, hata sikutarajia. Mninga nshamwambia seremala basi, kacheka.

Mawili yamebaki. Kwenye mpini wa nyuma pale baina ya siti na kitako pana sehemu siishiki kabisa, nitie EVA yote? Na EVA ngumu Pemba sijui ntaipata wapi, kuna mtu ananambia nikate kandambili za zamani vipande vya duara nivigande.

fundi_fumba

Hapo katikati usitie EVA, ni uzito wa bure. Tia kipande kifupi kitakoni panapokaa kwapani, katikati pitisha shirinki, ule mpira mafundi umeme wanaovalisha nyaya, upo wa kipenyo kikubwa na upo wenye michoro ya almasi kwa ajili ya rodi. Ukitaka ushike zaidi zungushia kwanza uzi wa nailoni kwa mapana mapana juu ya blenki halafu shirinki juu yake, ikibana inaacha mistari. Moto upite ukitembea usisimame pahala pamoja, moto ukikaa unaharibu utomvu wa kaboni. Wengine wanamwagia maji yanayochemka na inabana vilevile, na kwa blenki ndo salama zaidi. Fanya shirinki kwanza ndo uje utie EVA ya mbele.

Kandambili nyingi kweli ni EVA, mwaka 2019 lile dau la Flipflopi lilitoka Lamu mpaka hapa Unguja limevishwa kandambili mwili mzima. Na kugandisha vipande inawezekana, kata vinene, toboa, pakaa epoksi, vibane mpaka kesho, kisha kereza. Lakini soli ya kandambili ni laini kuliko ya rodi na vipande havilingani, kimoja kinaliwa na msasa upesi chengine kinabaki, unapata mpini wenye mawimbi. Kwa rodi ya mtoto ya kuvulia bandarini fanya, atafurahi. Kwa jodari hapana, ile blenki ni nzuri mno kuitilia hiyo.

kapteni_nungwi

EVA ngumu hapa Nungwi huwa tunaagizia Dubai pamoja na vifaa vyengine, mwezi ujao kuna mzigo. Nitumie pm kipimo cha kitako na cha pale panapoanzia mpini wa mbele, vyote viwili maana havilingani, na uamue rangi. Nyeusi usinambie.

wete_baharini

Kijivu. Napima leo baada ya laasiri nakutumia.