Kosa ni la nani? Tupeane uzoefu wa yale ambayo kamera za magari yetu zimeshuhudia

Dereva wa Mukono

Ndugu zangu wa barabarani, salaam. Kuna jambo linaniuma na nataka tulizungumze. Simu zetu zimejaa video za ajali zilizonaswa na kamera za magari: Jinja Road, Masaka Road, bypass ya kaskazini ya Kampala. Nyingi zimekatwa. Unaona magari yanagongana, unasikia mtu anamtaja Mungu, imekwisha. Papo hapo watu wanahukumu: "huyo wa boda ndiye", "huyo wa lori alilala". Hukumu ya namna hiyo mara nyingi ni uonevu. Kosa la barabarani huzaliwa kabla vyuma havijagusana, na ushahidi wake uko katika zile sekunde ambazo mtu amezikata ili video iwe fupi.

Nianze na yangu. Aliyewahi kupita Namawojjolo, mbele ya Mukono ukielekea Lugazi, anapajua: kuku wa kuchoma, gonja (ndizi za kuchoma), wachuuzi wakikimbilia madirisha na mishikaki mkononi. Mbele yangu kulikuwa na pikapu, mwendo kama kilomita 70 kwa saa, na dereva wake alikuwa ameacha nafasi nzuri sana kati yake na basi lililomtangulia. Teksi ya abiria 14 ikanipita mimi, ikaipita pikapu, ikajichomeka kwenye ile nafasi, kisha ikakanyaga breki kwa sababu abiria mmoja alitaka kuku. Pikapu ikaigonga nyuma.

Umati uliokusanyika ulishaamua: aliyegonga nyuma ndiye mkosaji. Afande wa trafiki alipima akachora mchoro wake, na mchoro ulionyesha kile kilichobaki barabarani: pua ya pikapu ndani ya tako la teksi. Ukiutazama peke yake, dereva wa pikapu hana pa kujitetea. Nikamwita afande kwenye gari langu, nikamwonyesha kamera. Kwa mwendo ule gari linakula karibu mita 19 kila sekunde, na teksi ilipoingia haikumwachia pikapu hata urefu wa gari moja. Nafasi aliyoitunza kwa usalama wake alinyang'anywa.

Leteni yenu. Semeni gari lilikuwa njia gani, mwendo gani, mvua au jua, na nini kilionekana kabla. Nambari za magari na sura za watu zificheni, hasa za watoto na za marehemu. Ndugu zao wako kwenye simu hizi hizi.

Mzee wa Trela, Malaba

Mwanangu wa Mukono, umegusa penyewe. Mimi naendesha trela kutoka Mombasa hadi Kampala, na mara nyingine mpaka Elegu, mpakani na Sudan Kusini, au Katuna, mpakani na Rwanda. Kisa changu ni cha indiketa, nacho kitawasaidia wenye magari madogo.

Sisi wa malori tuna lugha yetu. Ukiwa nyuma yangu unataka kupita, nikiwasha indiketa ya kulia ninakwambia tulia, mbele kuna gari linakuja. Nikiwasha ya kushoto ninakwambia njia ni nyeupe, pita. Lugha hiyo haimo katika sheria. Ni wema tu, kwa sababu kiti changu kiko juu na mimi naona unachofichwa.

Sasa sikilizeni. Kati ya Bugiri na Iganga nilikuwa nyuma ya trela nyingine, na katikati yetu kulikuwa na gari dogo, Spacio. Trela ya mbele ikawasha kushoto. Spacio ikatoka bila kuchungulia, ikaanza kuovateki tukipanda kilima. Pikapu ikachomoza juu. Dereva wa pikapu alijitupa majanini akavunja taa na mguu wa mbele wa gari, na Mungu alisaidia hakuna aliyekufa. Mwenye Spacio akashuka anapiga kelele: "Lori liliniruhusu!" Kamera yangu ilikuwa imerekodi vyote, indiketa ya kushoto ikipepesa kama mara nne hivi.

Hukumu yangu sijaibadilisha: kosa ni la Spacio. Anayeovateki anaovateki kwa macho yake mwenyewe, na kwenye kilima haruhusiwi kabisa, hata aitwe na nani. Lakini kuna kitu kilichonifanya nifikiri zaidi. Ile trela ya mbele ilikuwa na nambari za nchi jirani ambako wanaendesha upande wa kulia. Kongo, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, wote wanashika kulia. Kwao kupita ni kwa kushoto, kwa hiyo indiketa ya kushoto ndiyo katazo. Inawezekana kabisa yule mwenzetu alikuwa anamwambia Spacio asipite! Barabara moja, lugha mbili zinazopingana, na kati yao mtu na familia yake ndani ya gari.

Tangu siku hiyo nawasha indiketa ya kukataza tu. Ya kukaribisha siwashi.

Mwalimu, Busia

Mzee shikamoo. Hili la nchi jirani sikulijua, nami hupita hapo kila mwisho wa mwezi.

Changu ni kifupi. Nilisimama kwenye alama za kivuko karibu na shule, watoto wakaanza kuvuka. Gari jingine likanipita kwa kulia likamkwaruza mtoto begani. Dereva alishika msimamo mmoja: mtoto alikimbia. Kamera ilionyesha mtoto anatembea, mkono ameuinua juu kama tunavyowafundisha darasani. Hapo mjadala sioni. Gari likisimama kwenye kivuko, aliye nyuma hana ruhusa ya kulipita, kwa sababu hajui kilichofichwa mbele ya gari hilo.

Nilipeleka kadi yenyewe ya kamera, ile inayohifadhi video, kituoni siku hiyo hiyo. Mtoto alipona na yuko darasa la nne sasa.

Boda wa Bweyogerere

Wakubwa zangu, naomba na mimi nisikilizwe. Kamera hizi ziko ndani ya magari. Kwa hiyo sisi wa boda tunaonekana kwa jicho la mwenye gari tu, tunatokea kwenye kioo ghafla kama tumeanguka kutoka mbinguni. Anayetazama anasema, "boda hawana akili." Wako wasio na akili, sikatai. Lakini si kila mara.

Nilikuwa nimebeba abiria, nikipita upande wa kulia wa magari yaliyokuwa kwenye foleni, yanatembea polepole. Gari moja likakata kulia ghafla kuingia kituo cha mafuta. Nikaligonga mlangoni, mimi na abiria tukaanguka. Mwenye gari akasema alikuwa amewasha indiketa na ana kamera ya kuthibitisha. Kituoni video ikachezwa. Kamera inatazama mbele, indiketa haiioni, kwa hiyo kila mtu akaniona mimi tu nikiruka juu ya boneti.

Afande mmoja, mwanamke, akasema ongezeni sauti. Tukasikia redio, tukasikia dereva anaongea na mwenzake kuhusu harusi. Ule mlio wa tik tik tik wa indiketa haukuwepo. Akarudisha tena, haukuwepo. Afande akamwambia dereva awashe indiketa ya gari lile lile pale nje, na mlio ukasikika vizuri hata redio ikiwa juu.

Kamera yake mwenyewe ndiyo iliyomkana.

Dereva wa Mukono

Ndugu wa boda, pole sana, na huyo afande apewe heshima yake. Hili la kusikiliza sauti nalichukua.

Ila nikuambie bila kukuficha: kama ningekuwa nahukumu mimi, sehemu kubwa ya kosa ningempa mwenye gari, na sehemu ndogo ningekuachia wewe. Mlango wa kituo cha mafuta ni mahali ambapo gari linatarajiwa kukata. Kupita foleni kwa kulia mahali kama hapo ni kujiweka njiani. Mahakama zetu zina desturi ya kugawa lawama, huyu sehemu kadhaa, yule zilizobaki, na fidia inapunguzwa kwa kadiri hiyo. Sisi tunapenda mkosaji awe mmoja na mwingine awe malaika. Barabarani mara nyingi haiko hivyo.

Boda wa Bweyogerere

Nimekubali, mkubwa. Lakini umesema sehemu ndogo, nimeandika mahali!

Wakala wa Bima, Jinja

Niongeze mambo ya kazi, maana naona watu wengi wanapoteza haki kwa sababu ya video nzuri iliyotunzwa vibaya.

Lenzi ya kamera hizi ni pana. Inanasa pembe kubwa, na malipo yake ni kwamba vitu vinaonekana viko mbali kuliko vilivyo. Gari lililo karibu nawe kabisa litaonekana kama lina nafasi ya kutosha. Kwa hiyo mtu akisema "tazama, alikuwa na nafasi kubwa ya kufunga breki", msimwamini kwa macho. Hesabuni kwa mistari ya barabarani au nguzo za umeme: gari la mbele likipita nguzo, anza kuhesabu mpaka wewe uifikie. Chini ya sekunde mbili, ulikuwa umembana. Kwenye mvua hata hizo mbili hazitoshi.

Mwendo unaoandikwa chini ya video ni wa gari lenye kamera, na hutokana na setilaiti. Hauwezi kukwambia mwendo wa yule mwingine. Tarehe na saa zirekebisheni. Nimeona faili linadai ajali ilitokea miaka kabla gari lenyewe halijaingia nchini, na wakili wa upande wa pili hakuhitaji kufanya kazi nyingine.

Halafu kadi. Kamera hurekodi kwa mzunguko, ikijaa inafuta ya zamani. Ajali ikitokea zima kamera, toa kadi, iweke mfukoni. Ukiendelea kuendesha kurudi nyumbani unaweza kuufuta ushahidi wako mwenyewe. Na video iliyopita WhatsApp imebanwa na imepoteza taarifa zake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya 2011 inairuhusu mahakama kupokea ushahidi wa namna hii, lakini uzito wake unapimwa kwa jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Mwalimu wa Busia alifanya sawasawa kupeleka kadi yenyewe.

Jambo la mwisho ni pesa. Bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, ipo kwa ajili ya watu walioumia au kufariki. Bampa, taa na mlango haitengenezi. Kama huna bima kubwa, ile inayolipia na gari lako mwenyewe, ile hukumu ya kando ya barabara ya nani alikosea ndiyo inayoamua nani anamlipa fundi. Ndiyo maana watu wanapiga kelele kiasi kile.

Mzee wa Trela, Malaba

Mwanangu wa Mukono, narudi kwenye kuku wako wa Namawojjolo. Tangu teksi ijichomeke mpaka ikanyage breki, ilipita muda gani? Kama ni sekunde tatu nne, pikapu alipaswa kuachia mafuta na kutengeneza nafasi upya. Ukinyang'anywa nafasi unakasirika, lakini unarudi nyuma. Mimi na tani zangu nafanya hivyo kutwa nzima.

Dereva wa Mukono

Swali zuri, mzee wangu, na ndilo swali lenyewe. Teksi iliingia na taa zake za breki zikawaka kabla haijanyooka vizuri ndani ya njia. Ni kama sekunde moja. Mtu mzima mwenye macho yake na akili yake hutumia karibu sekunde hiyo nzima kuona na kuinua mguu tu. Kama ingekuwa nne, ningekuwa upande wako.

Mzee wa Trela, Malaba

Basi ni teksi. Nimeridhika.

Dada wa Kalerwe

Nisaidieni hii, imegawa nyumba yetu. Mume wangu anaingia kwenye mzunguko wa Kalerwe. Ndani ya mzunguko kuna gari linatoka kulia kwake. Wamegusana. Kila mtu anasema aliye ndani ana haki, anayeingia anasubiri aliye kulia kwake. Mume wangu anasema trafiki alimwita. Kwenye video, pembeni kabisa kushoto, kuna afande mwenye sare nyeupe na mkono wake unapunga.

Dereva wa Mukono

Dada, kanuni ya wa kulia ni sahihi, lakini afande akisimama katikati, mkono wake uko juu ya kanuni na juu ya taa. Kwa hiyo swali ni moja: ule mkono wa pili uko wapi? Simamisha video picha baada ya picha, kabla mumeo hajaachia breki.

Dada wa Kalerwe

Nimesimamisha. Wa kulia unapunga kumwita mume wangu. Wa kushoto umenyooka, kiganja kimeelekea lile gari jingine. Unaonekana wazi, na gari lile bado lilikuwa na nafasi ya kusimama mara mbili.

Dereva wa Mukono

Basi aliye ndani ya mzunguko alisimamishwa na hakusimama. Kosa ni lake. Tunzeni faili lenyewe, na muandike jina la kituo cha huyo afande pamoja na saa, maana shahidi wenu mkuu ni yeye.