Tupeane uzoefu: siku uliyowaeleza ndugu zako historia ya ukoo

Mjukuu wa Ngamiani

Asalaam alaykum ndugu zangu, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Disemba iliyopita ukoo wetu ulikutana hapa Tanga kwa dua ya kuwarehemu wazee. Walikuja wa Dar, wa Mombasa, wa Unguja, hata mmoja wa Maskati. Baada ya pilau nikapewa nafasi ya kueleza niliyoyakusanya kwa miaka miwili: nani kamzaa nani, tulitoka wapi, nani kazikwa wapi. Shajara, yaani mti wa ukoo, nilikuwa nimeichora kwenye karatasi sita za manila nilizoziunga kwa gundi, nikaibandika ukutani barazani.

Kuichora kulinitesa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Basi Juma humzaa Salimu, Salimu naye humzaa Juma, mpaka nikawa na akina Juma Salimu wanne. Nikawatenga kwa majina waliyoitwa mtaani: Juma wa reli, Juma wa jahazi, Juma mrefu, Juma wa Makorora. Wa reli alifanya kazi ya kujenga njia ya Mombo enzi za Mjerumani, na reli ilifika Mombo 1905, kwa hiyo nikajua huyo ndiye aliyetangulia.

Nilijiandaa kuzungumza nusu saa. Hata dakika kumi sikumaliza. Shangazi yetu mkubwa, ambaye macho yake hayaoni vizuri, aliomba ashikwe mkono asogezwe ukutani. Akaniambia, "Nionyeshe mama." Nikakiweka kidole chake juu ya jina la mama yake. Akateremka nacho taratibu kwenye watoto, akihesabu kwa sauti: mmoja, wawili, watatu, wanne. Akasimama hapo. "Na yule aliyenifuata mimi?"

Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kumsikia. "Surua ilimchukua hajaanza kutembea," akasema, akataja jina lake. "Mama hakuacha kumtaja mpaka anakufa."

Nikachukua kalamu nikamwandika hapo hapo, mwandiko umepinda kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Kuanzia hapo akina mama wakawa wanakuja mmoja mmoja. Niandikie na wangu. Na pacha wa huyu hapa, mbona hayupo? Hadi adhana ya alasiri nilikuwa nimeongeza majina kumi na manne ya watoto waliokufa wachanga. Miaka miwili nimeuliza sikutajiwa hata mmoja, kwa kuwa niliokuwa nawauliza karibu wote ni wanaume.

Naomba na nyinyi mseme yenu. Mlielezaje, nani alinuna, kipi kiliibuka?

Mwana wa Muheza

Sisi tumekua tukijiita Wabondei. Mwaka juzi, wiki chache kabla ya kikao cha ukoo, nilifungua sanduku la bati la marehemu babu. Chini kabisa, chini ya nguo zake, kulikuwa na kipande chake cha kazi ya mkonge, ile kadi ya siku thelathini, kila siku aliyomaliza kazi yake imewekewa alama. Kilikunjwa pamoja na karatasi ya mkataba. Kabila: Mha.

Kumbe babu alitoka Kigoma, alikuja kama manamba. Maelfu waliletwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kutoka Kigoma, Songea, Burundi na kwingineko, na jina hilo lilitokana na namba walizopewa. Wenyeji walilitamka kwa dharau, ndiyo maana babu alilizika.

Vijana wenzangu walitaka nipige picha nirushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Namshukuru Mungu sikufanya hivyo. Nilimpelekea baba mkubwa kwanza, jioni, tukiwa wawili tu. Aliishika ile kadi muda mrefu. "Hili nalijua tangu nikiwa na miaka tisa," akasema. "Alinikataza." Halafu akaniambia, "Wewe usilitamke. Siku ikifika nitalitamka mimi."

Na alilitamka, amesimama, kofia mkononi. Alipomaliza, bibi mdogo akaanza kuimba ule wimbo wa kubembelezea watoto ambao sote tumelelewa nao, tukidhani maneno yake ni ya kuchezea ulimi tu. Kiha kile! Miaka yote hiyo babu alikuwa akitulaza kwa lugha ya kwao.

Umeuliza nani alinuna. Mjomba wangu mmoja aliondoka kabla ya chakula, na mpaka leo hapokei simu yangu. Linaniuma, sitasema haliniumi.

Bibi wa Pangani

Wajukuu, mzee msimuulize mwaka. Muulizeni kulikuwa na nini. Baba yangu kila akiulizwa umri alisema alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati wa vita ya nyuki. Ni ile ya Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga na askari wa Kihindi, nyuki wakawavamia. Mchunga mbuzi ana miaka saba, minane, hesabu rudi nyuma. Ukisikia mtu alikwenda Bama (Burma) na Keya, lile jeshi la Mwingereza la KAR, hiyo ni vita ya pili ya dunia. Mwanangu wa tatu nilimzaa mwaka wa Azimio la Arusha, 1967, sihitaji cheti kunikumbusha.

Mzaliwa wa Bagamoyo

Nimesita sana kuandika hili. Mama yake bibi yangu alikuwa mtumwa. Watu huzungumza habari hizo kama za kale mno, lakini Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, na bibi yangu alikuwa ameshazaliwa. Alinieleza mwenyewe kabla hajafa, mlango umefungwa.

Sasa katika shajara nimwandikeje? Sikutaka kuulizia ukumbini mbele ya wakwe na watoto. Nilisubiri usiku wa kuamkia shughuli, tukiwa jikoni wanawake watupu, mimi nimekalia mbuzi nakuna nazi. Nikauliza bila kuinua uso. Pakawa kimya, nasikia mbuzi yangu tu na kuni zinalia. Shangazi ndiye aliyejibu: "Mwandike kwa jina lake. Utumwa walimpa wao, haukuwa wake."

Sote tulimjua kwa jina la Faida. Fikirini mtu kumwita binadamu mwenzake Faida. Shangazi akasema hilo ni jina la tajiri wake, kwao aliitwa vingine, akalitaja lile la mama yake mzazi. Silitaji hapa, ni letu. Kesho yake niliyaandika yote mawili, la kwao likiwa juu. Hakuna aliyetoa hotuba. Ila niliona binti wa kaka yangu, ambaye ni mjamzito, amesimama pale anasogeza midomo, analijaribu.

Mama Watatu, Makorora

Langu fupi. Nilimrekodi bibi kwenye simu dakika arobaini, siku ya mkutano nikaipiga kwenye spika za harusi. Bibi mwenyewe alikuwepo. Kila baada ya sentensi mbili anapaza sauti: "Simamisha, hapo nilikosea!" Masahihisho yale ndiyo niliyojutia, kwa sababu sikurekodi hata moja.

Mjukuu wa Ngamiani

Bibi wa Pangani, shikamoo. Dada wa Bagamoyo, nimekusoma mara tatu. Mwana wa Muheza, usiache kumpigia mjomba.

Nina ombi. Juma wa reli aliacha karatasi moja ya Kijerumani iliyoandikwa kwa mkono, mwandiko wa zamani wa herufi zilizochongoka. Vijana wawili waliosoma Kijerumani cha siku hizi wameishika wakaishia kusoma tarehe tu. Kuna anayemjua mtu anayeweza? Shangazi anataka isomwe mbele yake, na mwezi huu hatoki tena kuja barazani.