Je, mwalimu akubali ombi la urafiki kutoka kwa mwanafunzi wake?

Muulizaji (mwalimu wa kemia)
Walimu wenzangu, salaam. Mwaka jana nilifungua kundi la WhatsApp ili wanafunzi wangu waulize maswali ya kazi za nyumbani, na limesaidia kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa wale wasiothubutu kunyoosha mkono darasani ndio wanaoandika zaidi. Lakini sasa namba yangu wanayo wote. Wengine wananitumia maombi ya urafiki kwenye Facebook, na mmoja huniandikia faraghani saa nne usiku, mara kuhusu kusawazisha milinganyo, mara kuhusu mambo ya nyumbani kwao. Sipendi kumfungia mlango mtoto ambaye huenda hana mwingine wa kumsikiliza, ila mazungumzo hayo, hata yakiwa safi kiasi gani, hayana shahidi. Ninyi mnafanyaje?

Mwalimu wa siku nyingi
Mwalimu mwenzangu, kundi liache, urafiki ukatae, na uwakatalie wote bila kubagua, maana ukimkubali mmoja aliyebaki atauliza kwa nini si yeye. Ukitaka wakufuate, fungua ukurasa wa somo, ambao mtu anaweza kuufuata bila wewe kuona maisha yake na bila yeye kuona picha za harusi ya dada yako. Kundini ongeza msimamizi wa pili ambaye ni mwalimu. Swali la kemia likikujia faraghani, lijibu kundini bila kumtaja aliyeuliza. Baada ya mara tatu nne wataelewa wenyewe.

Mzazi
Naomba niseme na upande wetu. Mwanangu alipoingizwa katika kundi la darasa, namba yake ilionekana kwa kila mwanakundi, na haukupita muda akaanza kupigiwa na mtu asiyemfahamu. WhatsApp yenyewe humtaka mtumiaji awe na umri usiopungua miaka 13, kwa hiyo darasa la wadogo lisiwe na kundi kabisa, na wakubwa waingizwe baada ya wazazi kuulizwa. Tena wapo wasio na simu. Linalotangazwa kundini na lisemwe pia darasani.

Mwalimu mkuu mstaafu
Naongeza tahadhari moja kwa wanaotaka katazo la jumla. Mwaka 2011 jimbo la Missouri, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwazuia walimu kutumia mitandao inayowawezesha kuwasiliana na wanafunzi kwa siri. Chama cha walimu kikaenda mahakamani, na Agosti mwaka huohuo jaji akaisimamisha kabla haijaanza kutumika, kwa sababu ilikuwa pana mno: hata mwalimu na mtoto wake wa kumzaa wangeguswa. Baadaye wabunge waliibadilisha, wakawaachia wasimamizi wa shule waandike kanuni zao. Shule yako ina kanuni iliyoandikwa? Kama haina, anza na hilo, maana siku ya lawama maelewano ya mdomo hayatakutetea.

Muulizaji
Nawashukuru. Kanuni hatuna, nitalipeleka suala hilo kikaoni. Lakini huyu wa saa nne usiku nimfanyeje?

Mshauri nasaha wa shule
Usimnyamazie ghafla, kwa sababu mtoto aliyejikaza hadi akaandika huuchukulia ukimya kama adhabu. Mjibu kwa ufupi kwamba umesoma, kwamba jambo lake ni zito, na kwamba kesho mtazungumza shuleni, mahali ambapo watu wanapita na mlango uko wazi. Usimwahidi kutunza siri. Mwambie mapema kwamba akieleza jambo linalohatarisha maisha yake utalazimika kumshirikisha mtu mwingine, kisha mlete kwangu au kwa yeyote mwenye kazi kama yangu hapo kwenu. Usifute ujumbe wowote, hata unaokuaibisha. Na akiandika kwamba anapigwa usiku huo, au kwamba anafikiria kujidhuru, utaratibu huu wote wa kesho haufai: piga simu saa hiyohiyo kwa mkuu wa shule na kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto.

Muulizaji
Nimezungumza naye leo asubuhi, na amekubali kuonana na mshauri wetu, ingawa aliomba niwepo mara ya kwanza. Mwalimu wa biolojia amekubali kuwa msimamizi wa pili wa kundi, kwa sharti kwamba baada ya saa mbili usiku asitarajiwe kujibu chochote. Sharti hilo nami nimelichukua.