Waliofyonzwa mafuta ya mwilini kwa upasuaji (liposuction, kwa kifupi lipo), tupeane uzoefu: nini hasa kinakupata ukitoka chumba cha upasuaji?

MamaWatatu, Dar
Habari zenu wapendwa. Naanza mimi. Nilifyonzwa tumbo na kiuno mwaka jana, baada ya mtoto wa tatu. Habari za umbo niliambiwa zote, za maji sikuambiwa. Usiku wa kwanza nimeamka saa nane mgongo mzima umelowa, shuka rangi ya maji ya ubuyu. Nikampigia dada kelele, nikajua nimekwisha. Kumbe kabla ya kufyonza wanakujaza maji ya chumvi yenye ganzi na adrenalini ili damu isitoke nyingi. Mengine hubaki chini ya ngozi, yanachuruzika kwenye vitundu walivyopitishia mrija siku moja hadi tatu. Ningejua, ningetandika mpira na kanga kuukuu, nikalala zangu.

Halafu ile nguo ya kubana wanayokuvisha baada ya upasuaji. Nimeivaa wiki 6, usiku na mchana, Dar hii ya joto. Siku ya kwanza kuivua nioge, macho yakaingia giza, dada akanidakia mlangoni mwa bafu. Ikifunguliwa ghafla damu inakimbilia chini. Jamani, ivueni mkiwa mmekaa, mmeshakula, na mtu awe karibu.

Na mizani msiiguse. Wiki ya kwanza mimi nilipanda kilo mbili kwa uvimbe, nikalia sana.

Shiru_254
Pole dada. Mimi niko Nairobi, nilienda na kilo 104 daktari akanikataa. Nilikasirika! Akaniambia hii si dawa ya kupunguza uzito, ni ya kutengeneza umbo. Madaktari wengi wakishafyonza lita 5 kwa mara moja wanahesabu ni nyingi, na hatari inapanda. Nikapunguza kwanza kwa chakula na kutembea, nikafanyiwa baada ya mwaka mmoja na nusu. Leo namshukuru. Oktoba 2024 hapa kwetu mama mmoja alifariki siku chache baada ya lipo, na baraza la madaktari likafunga kliniki. Tafuteni jina la daktari kwenye orodha ya baraza kabla ya kulipa hata shilingi. Picha za mtandaoni si cheti.

Bwana_K
Wanaume pia tupo. Mimi ni kifua. Maumivu yalikuwa kama umebeba magunia ya saruji siku nzima, si ya kisu. Kilichonitisha ni ganzi na vigumugumu chini ya ngozi, kama nimemeza kokoto. Vililainika taratibu, umbo lenyewe nililiona mwezi wa tano baada ya upasuaji.

Nesi_Tanga
Nafanya kazi wodi ya upasuaji, naomba hili lisomwe na kila mtu. Jioni ileile uinuke utembee, hata kwa kushikwa mkono. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, pumzi ikikata, kifua kikichoma, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, usisubiri kliniki ya Jumatatu. Inaweza kuwa damu iliyoganda au mafuta yaliyoingia kwenye mishipa, na hiyo inaua kwa saa chache. Homa na usaha pia ni vya kukimbilia hospitali. Na mwambieni daktari ukweli kuhusu sigara, aspirini na vidonge vya uzazi wa mpango. Watu wanavificha.

Zuhura_M
Mimi nilifanyia Istanbul, siku ya nne nikapanda ndege kurudi Dar. Daktari wa hapa alinigombeza, na alikuwa na haki: kukaa saa zote zile na kidonda kibichi. Swali kwa MamaWatatu: ngozi ya tumbo ilirudi? Yangu inaning'inia.

MamaWatatu, Dar
Hapana mpenzi, yangu haikurudi yote. Kinachofyonzwa ni mafuta, ngozi wanaiacha. Kwa sisi tuliozaa, ngozi iliyochoka inahitaji kukatwa, upasuaji mwingine na kovu refu. Waulize kabla, wakushike ngozi kwa vidole wakuonyeshe. Mimi hakuna aliyenishika.